Sweta Lililokosa Lori

Nilidhani uzi ule umeungwa. Nilikuwa nafagia baraza la nyumba ya Wazungu niliokuwa nawafanyia kazi Nachingwea, wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza, na memsabu alikuwa ameacha donge la sufu juu ya kiti. Kwa nje lilikuwa jeusi kama chungu cha kupikia. Lakini katikati yake palichungulia ncha ya uzi, na ncha ile ilikuwa nyeupe. Nikaweka ufagio chini. Nikaanza kuvuta nitafute fundo, na memsabu alipotoka ndani alikuta uzi umeshuka ngazi zote na umefika kwenye maua yake.

"Wewe fanya nini?"

"Natafuta fundo, memsabu. Pale nyeusi ilipofungwa na nyeupe."

Nilitegemea kufukuzwa. Yeye akaketi, akasema, "Tafuta. Ukipata, ita mimi."

Sikulipata. Uzi ulitoka mweusi ukawa rangi ya kahawa, ukawa rangi ya udongo mkavu, ukawa majivu, ukawa mweupe, na hakuna mahali ambapo ningeweza kuweka kidole nikasema hapa ndipo ulipogeuka. Niliurudia mara mbili. Memsabu alicheka, kisha akanieleza kwa Kiswahili chake cha jikoni. Kwao ni kisiwani, kaskazini kabisa ya Uingereza, kondoo wengine weusi na wengine weupe. Shangazi yake huchana manyoya na kuyachanganya kabla ya kusokota, kila mara akipunguza kidogo ya kondoo mweusi na kuongeza ya kondoo mweupe. Hapo nilielewa mara moja, maana kila siku nilikuwa nachanganya chai na maziwa.

Nilisoma hadi darasa la nne tu, shule ya Marambo, na mwalimu wangu aliwahi kuniandikia kwamba naulizauliza mno. Kwa memsabu yule kuuliza hakukuwa kosa. Alikuwa anafuma masweta katika joto la Nachingwea, jasho likimtoka, kwa ajili ya siku watakayorudi kwao, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kuzungumza naye mchana kutwa, alinifundisha. Nilianza na kitambaa kisicho na kazi, nikafuata kofia, halafu soksi. Mwisho alinionyesha namna ya kufuma rangi mbili katika mstari mmoja: uzi mmoja unakaa kwenye kidole cha mkono wa kulia, mwingine kwenye kidole cha kushoto, na ule ambao si zamu yake unapita nyuma ya kazi, hauonekani, mpaka uitwe. Maua yalifuata karatasi yenye vijumba vidogo, kijumba kimoja kwa kila kitanzi. Nilikuwa naota vile vijumba.

Karanga zilishindwa, kama kila mtu anavyojua. Wazungu wakaanza kuondoka, matrekta yakasimama kwenye majani. Memsabu alipofunga masanduku yake alinipa madonge sita, mawili makubwa na manne madogo, sindano tano za chuma zenye ncha pande zote, na bunda la karatasi zake za vijumba. Madonge yalikuwa ya aina mbili. Aina ya kwanza ni ile niliyoijua, nyeusi hadi nyeupe. Ya pili ilianza na rangi ya mbingu ya asubuhi na kuishia kwenye buluu nzito ya kaniki. "Fumia mke wako," alisema. Niliitikia, nikaviweka vyote ndani ya debe la biskuti, na kwa zaidi ya mwaka sikulifungua. Nani angevaa sweta Nachingwea?

Mke wangu alikuwa mtu wa Mandawa, msusi wa mikeka. Hatukuwa na mtoto aliyeishi. Alikaa kwao akilima ufuta na mama yake wakati mimi nafanya kazi mjini, nami nilikwenda kila nilipopata ruhusa. Mwaka ule kikohozi chake kilipokataa kuisha alikuja kukaa nami katika chumba changu kwenye laini za wafanyakazi, karibu na hospitali. Daktari alimpima, akaniita peke yangu. Alisema ni kifua, na dawa yake ipo, lakini iko kwenye hospitali ya kifua huko kaskazini, chini ya mlima mkubwa. Lori litawachukua wagonjwa hadi bandarini baada ya majuma sita. Kisha akaongeza jambo moja, na naliandika kama alivyolisema: "Kule ni baridi. Mtu wa pwani na kusini hufika hana nguo, na baridi humrudisha nyuma kabla dawa haijamshika. Hakikisha ana kitu kizito."

Nilirudi nyumbani nikafungua debe.

Jirani yangu alikuwa dereva wa trekta, Mngoni, na mimi Mmwera, kwa hiyo alikuwa mtani wangu. Aliponiona nimekaa mlangoni na sindano tano alisimama muda mrefu.

"Shemeji," alimwambia mke wangu, "mumeo ameota miiba."

"Ananifumia sweta."

"Mwanamume?"

"Na wewe huna mtu wa kukufumia, ndiyo maana unakohoa maneno," mke wangu akamjibu, na yeye mwenyewe akakohoa kweli, wakacheka wote wawili.

Mtani yule alikuwa na koti la jeshi, zito, alilolipata kwa askari mmoja aliyerudi kutoka vitani. Siku ile ile alisema, "Mmwera, chukua kabuti langu, mpe shemeji aende nalo. Miiba yako itachelewa." Nilikataa. Nilimwambia sweta litakuwa tayari. Hata sikumwuliza mke wangu. Baada ya siku chache mtani alilitoa kabuti lile kwa ndugu yake aliyehamia Songea.

Mwanzoni kazi ilikwenda vizuri. Sweta la namna ile hufumwa kama gunia lisilo na mshono, mduara juu ya mduara, kuanzia pindo la chini kwenda shingoni. Nilianza na nyeusi kuwa uwanja na rangi ya mbingu kuwa maua. Nilipofikisha upana wa vidole vinne nilimpa mke wangu aone. Hakuangalia maua. Aliligeuza ndani nje papo hapo, akalisogeza kwenye mwanga.

"Mbona unaangalia nyuma?"

"Mbele ni ya wageni," alisema. Alipitisha kidole chini ya nyuzi zilizolala nyuma. "Huku umebana. Huu unaopita umeuvuta kama kamba ya mbuzi. Nikipumua kwa nguvu utakatika."

Alivuta sweta kwa mikono miwili, nikaona mwenyewe: halikutanuka. Alichukua mkeka aliokuwa anasuka, akaniletea puani, akanionyesha jinsi ukindu unaopita chini unavyoachiwa nafasi ndogo ili mkeka ukunjike bila kuvunjika. Tangu utoto nimelala juu ya mikeka na sikuwahi kujua hilo. Nilifumua vidole vyote vinne nikaanza upya, na safari hii kila nilipobadili rangi nilitandaza vitanzi kwenye sindano kwanza, ndipo nikauita uzi wa nyuma.

Alitaka pia maua yabadilike. Ya memsabu yalikuwa nyota, na mke wangu alisema nyota hizo yeye hazijui. Akaniambia nichore kwenye karatasi ya vijumba kama anavyonihesabia: mbili chini, moja juu, mbili chini, rudi nyuma moja. Nilichora bila kuona kinachotokea, mpaka ghafla pale kwenye karatasi ukatokea mgongo wa mkeka wa Mandawa, ule wenye njia za kupinda ambao wanawake wa huko huwatandikia maharusi. Tulitazamana. Kitanzi kimoja ni ukindu mmoja. Yeye na shangazi wa memsabu walikuwa wanafanya hesabu moja. Kwa siku kadhaa hatukuzungumza jambo lingine. Aliniuliza kondoo mweusi akinyeshewa huchuja rangi? Shangazi yule anajuaje apunguze kiasi gani, anapima kwa mkono au kwa jicho? Mke wangu mwenyewe alipochovya ukindu kwenye rangi, mafungu ya kwanza yalitoka mekundu sana na ya mwisho yakafifia kwa kuwa dawa imechoka chunguni, na siku zote aliyaona yale ya mwisho kuwa hasara. Sasa aliyapanga mbele yake kwa mfuatano na kuyaangalia upya.

Jioni akihisi baridi ya homa nilimfunika kwa blanketi letu moja na kuendelea kufuma.

Juma la nne lilipoanza nilikuwa nimefika kifuani, na hapo maua yakapotea. Nilipaswa kulijua jambo hilo mapema. Uzi mmoja ulikuwa unatoka kwenye weusi kwenda weupe, mwingine unatoka kwenye weupe kwenda kaniki. Lazima zipishane mahali fulani, na zinapopishana zinakuwa na uzito mmoja wa rangi. Ukiwa karibu ulitofautisha, huu wa majivu, huu wa buluu iliyofifia. Ukirudi hatua tano hukuona kitu, isipokuwa ukungu. Juu yake, nilikuwa na hakika, maua yangerudi, lakini yamegeuka: uwanja mweupe na njia nyeusi.

Nilitundika sweta kwenye msumari wa mlango, nikawa narudi kinyumenyume uwanjani kuona maua yanapotelea hatua ya ngapi.

"Mmwera," mtani aliita kutoka kwake, "ngoma gani hiyo ya kurudi nyuma?"

Mke wangu alikuwa ameketi kwenye mkeka wake. Aliliangalia sweta.

"Limepotea kifuani kwangu," alisema. "Limejua kuliko daktari."

"Nitalirekebisha."

"Liache hivyo. Mbona maua ya mkeka nayo hupotea mahali na mtu analala usingizi? Malizia tu."

Nilimwambia siwezi kumpeleka kwa watu wa kaskazini na nguo yenye kasoro. Hayo ndiyo maneno niliyomwambia. Hayakuwa uongo mtupu, ila hayakuwa kweli yenyewe. Kweli yenyewe ni kwamba nilitaka kujua. Nilitaka kujua kama kuna njia ya kuzipitisha rangi mbili mahali pamoja bila moja kumeza nyingine. Swali lile lilikuwa tamu kwangu, na kwa siku zile nililipenda swali kuliko sweta.

Nilifumua kifua. Nilikata kipande cha uzi wa buluu, ile sehemu ya katikati, nikaunga ncha ili rangi iruke moja kwa moja kwenye uzito wa mbele. Maua yalionekana, lakini rangi iliruka kama mtoto aliyerushwa darasa, kila mtu angeona alipovuka. Nilifumua tena, nikaunga kipande nilichokikata. Kisha likanijia wazo kwamba nimeanza donge la buluu upande usiofaa. Ningeanza na kaniki chini, zote mbili zikashuka pamoja kwenda weupe, zisingepishana kamwe. Kulijaribu hilo ilibidi nifumue sweta zima.

Nililifumua sweta zima. Mke wangu alikuwa amelala. Nilikunja uzi madonge upya na kuanza pindo, na baada ya mistari sita tu nikaona upumbavu wangu: nyeusi na kaniki, uso kwa uso, hakuna kitu. Bila kupishana hakukuwa na maua popote. Bado sikusikitika. Naona aibu kusema kwamba nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimepata jibu. Nikafumua mistari ile sita na kuanza tena kama nilivyoanza mara ya kwanza, nyeusi na rangi ya mbingu, nikijua sasa kwamba maua yatapotea kifuani na kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa. Mke wangu alikuwa ameniambia hivyo siku nyingi nyuma, bila kufumua hata kitanzi kimoja.

Lori halikuja kabla ya siku yake. Lilikuja siku ile ile daktari aliyoitaja.

Tulikwenda hospitali asubuhi. Alibeba kanga zake, blanketi, na kipande cha mkeka alichotaka kumalizia huko. Mimi nilibeba kazi yangu na sindano zake ndani ya kikapu, sijui kwa nini, labda nilidhani kusubiri kutakuwa kwa muda mrefu na nitaongeza mistari. Alifunua kikapu.

"Limefika wapi?"

"Kiunoni."

"Kiunoni tena?"

"Tena."

Alicheka mpaka mhudumu akamshika bega. Kisha akaligeuza akaangalia nyuma, kama kawaida yake, akavuta pande mbili, likatanuka vizuri. "Sasa hujabana," alisema. "Usikimbize. Ukikimbiza utabana." Wakamsaidia kupanda. Wagonjwa walikuwa saba, wanawake wawili. Mwanamke wa pili alitoka upande wa Ruangwa, naye alikuwa amevaa koti la kiume lililofika magotini.

Nililimaliza kwa majuma saba zaidi. Kifuani maua yalizama kwenye ukungu na juu ya ukungu yakatoka tena yamegeuka, kama nilivyotegemea. Nililipeleka kwa mhudumu aliyesindikiza kundi lililofuata. Baadaye ilikuja barua ya mke wangu, aliyoandikiwa na mgonjwa mwenzake: "Sweta limefika. Mikono ni mirefu, naikunja. Wenzangu wanauliza umelinunua duka gani. Nawasalimu wote, na jirani yetu mwulize, bado anakohoa maneno?" Masika hayajaanza ikaja barua nyingine, hii kutoka ofisi ya hospitali, na mhudumu wetu alinisomea ingawa ningeweza kuisoma mwenyewe. Walimzika huko huko.

Matanga tuliyakalia Mandawa, kwa wazazi wake. Mtani wangu alikuja kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Watu wa kwetu wanajua kwamba msibani mtani ana ruhusa ya kusema lolote na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Siku ya pili, watu wamejaa, alisimama na ungo kichwani kama kofia.

"Wazee wangu, msimlilie huyu Mmwera," alisema. "Alipewa mke na majuma sita achague kimoja. Akachagua rangi."

Watu walicheka. Mkwe wangu alifunika mdomo kwa mkono. Nami nilicheka, maana ndivyo desturi inavyotaka, na kwa sababu hakuna mtu mwingine ambaye angelisema. Mtani alipoketi alikaa karibu nami, akanishika goti.

Baada ya hapo sikufuma. Watu waliniambia maneno mema: kifua ni kifua, hakuna sweta linaloponya, siku yake ilikuwa imefika. Inawezekana. Daktari mwenyewe nilipomwuliza alisema asingeweza kujua. Lakini mimi nilikuwa na swali dogo kuliko la daktari, na hakuna aliyekuwepo kunijibu.

Karibu mwaka mmoja baadaye mwanamke yule wa upande wa Ruangwa alirudi, amepona, amenenepa. Alifika chumbani kwangu mchana kuniletea salamu, kwa kuwa vitanda vyao vilikuwa vimepakana. Nilimpa maji na mihogo. Alizungumza habari za safari, za meli, za gari moshi, za mlima ambao asubuhi ulionekana na jioni haupo. Nilimwacha amalize.

"Dada," nikamwambia, "nikuulize jambo moja, na usinihurumie. Kabla sweta halijafika, alipata baridi?"

Aliweka muhogo chini.

"Alipata, kaka."

"Sana?"

"Sana. Tulifika wakati mbaya. Mwezi wetu wa kwanza kule alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Nilimpa koti langu mchana, usiku nililihitaji mwenyewe. Sikudanganyi, nililihitaji." Akajifunga kanga upya. "Sweta lilipofika hakulivua. Ila hakuwahi kurudi kama alivyokuwa tulipokuwa melini."

Nilimshukuru. Nilimshukuru kweli, kwa yote mawili, koti la mchana na kuniambia kweli. Nilimwuliza sweta liko wapi, akasema lilichomwa pamoja na vitu vyake, ndiyo sheria ya kule kwa nguo za waliokufa. Nikasema ni sheria nzuri.

Nje watu walikuwa wanaanika korosho na mbuzi alikuwa anafukuzwa. Yule mwanamke alitazama mikono yangu, kisha akauliza, kwa aibu kidogo, kama mtu anayeomba chumvi.

"Kaka, kitu kimoja tulikibishania sana wodini. Nyuzi mbili, mikono miwili, na sindano tano. Ulizishika vipi zote kwa pamoja?"

Nikainuka, nikachukua sindano, na kwa kuwa sufu haikuwepo nikafumua kamba ya gunia. Nilimweleza: huu kidole hiki, huu kidole kile, huu usubiri nyuma, usiubane. Alikosea, nikamrudisha. Alikosea tena, tukacheka. Alikuwa mwepesi wa kuelewa na mwenye maswali mengi, na jua lilihama kutoka mlangoni hadi ukutani nikiwa bado naeleza. Katika saa zile sikumkumbuka mke wangu hata mara moja, na nilikuwa na furaha.